Jina la Mwenye Mtamba

Jumatatu, 12 Mei 2008

Posta asubuhi. Barua tatu, zote kwa jina la Josphat. Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nimzike mume wangu na sanduku la posta bado ni lake. Karani anajua. Mimi najua. Nachukua, naondoka.

Mvua kuanzia saa nane. Hapa Free Area, Nakuru, barabara imekuwa tope tupu. Nimeshinda mezani na fomu ya mradi, narekebisha Kiswahili chake kwa mara ya tatu. Aliyeitafsiri Nairobi alikuwa na haraka.

Niuandike mradi wenyewe, maana kumbukumbu yangu si ya kuaminiwa tena. Ulianza mwaka jana kama mradi wa maziwa. Wafadhili ni Wazungu, na sera yao ya usawa wa jinsia inajaribiwa hapa kwetu kwanza, kisha itapelekwa nchi nyingine. Baada ya machafuko ya uchaguzi ya Januari, watu wakiwa wamebaki bila ng'ombe, mradi ukageuka: kila boma lililopoteza mifugo litapewa mtamba mmoja, ng'ombe mwenye mimba ya kwanza, na mwenye mtamba atakuwa mwanachama wa kituo cha kupoza maziwa. Nusu ya mitamba ni wa maboma yanayoongozwa na wanawake, sharti lililobaki tangu mradi wa maziwa.

Sharti hilo la nusu nililipigania mimi. Mwaka jana, mikutano minne. Ndiyo maana fomu ina safu ya nne: jinsia ya mkuu wa boma. Me au Ke. Naipenda safu hiyo. Nimeiangalia leo kama mtu anavyoangalia nguo aliyoishona mwenyewe.

Kesho kutwa tunapanda Sachangwan kuandikisha.

Jumatano, 14 Mei

Nimechoka. Magoti.

Sijapanda kule tangu Desemba. Nilifundisha Sachangwan miaka ishirini na mbili, nawajua watu wa ile milima kwa majina ya watoto wao, lakini baada ya Januari Mkikuyu hajui atapokewaje. Odhiambo, kijana msimamizi wa mradi, aliniuliza pale Salgaa tulipokunywa chai kati ya malori kama ningependa kungoja pale. Nikamwambia anywe chai yake.

Boma la tano lilikuwa la Kogo Tapnyolei. Kogo ni bibi kizee kwa lugha yao, Kipsigis. Koti lile lile la marehemu mumewe, kofia ile ile, na sasa kikohozi. Alinishika mkono kwa muda mrefu. Kisha: "Umerudi." Nikasema nimerudi. Basi. Hilo likaisha.

Chebet akatuletea chai ya rangi, bila maziwa. Chai ya rangi katika boma la Kipsigis, hapo ndipo nilipoelewa wamepoteza nini. Ng'ombe wanne, wote katika siku moja.

Chebet alikuwa mwanafunzi wangu darasa la nane. Hesabu zake zilikuwa safi kuliko za wavulana wote. Alipokuwa na miaka kumi na tisa Kogo alimwoa.

Nieleze, ingawa najiandikia mwenyewe. Huu ni ugonjwa wa walimu. Kogo alikuwa mjane bila mtoto. Mila yao, na hata yetu zamani, inamruhusu mwanamke kama huyo kutoa mahari na kuoa mke, ili nyumba isizimike. Watoto anaozaa mke huyo, hata baba mzazi awe nani, wanakuwa wa nyumba ile. Na yule aliyetoa mahari, tangu siku hiyo, anahesabiwa mwanamume. Hapiki, hachoti maji. Anakaa na wazee baraza linapoketi. Watoto watatu wa Chebet wanamwita baba. Mtu wa pale hacheki. Mgeni akicheka, anaonekana hana adabu.

Kwa hiyo nilipofika safu ya nne niliandika Me. Sikusita hata kidogo. Odhiambo alinitazama, nikamwambia nitamweleza kwenye gari. Nilimweleza mpaka Salgaa.

Ijumaa, 30 Mei

Orodha imetoka. Jina la Kogo halimo.

Limekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni imeandikwa: taarifa za uongo.

Jumanne, 3 Juni

Ofisini kwa Odhiambo. Ana adabu na alikuwa ameona haya.

Ilivyotokea ni hivi. Kule Nairobi wanalinganisha fomu na nambari za vitambulisho. Fomu inasema Me. Kitambulisho kinasema Ke. Wakadhani kuna mwanamume aliyejificha nyuma ya kitambulisho cha mama mzee ili apate mtamba. Wakafuta. Kwenye orodha ya wanaume hayumo kwa sababu ni mwanamke, na kwenye orodha ya wanawake hayumo kwa sababu ni mwanamume.

"Mwalimu, hii ni kitu ndogo," akasema Odhiambo. "Tunaandika Ke, unaweka sahihi hapa, Ijumaa amerudi kwa list. Na atapata mbele ya wengine, boma la mwanamke linapewa kipaumbele."

Nikamwambia lazima kwanza nimuulize mwenyewe.

"Umuulize kama yeye ni mwanamke?"

"Ndiyo."

Akainamisha kichwa juu ya karatasi zake ili nisimwone akicheka. Nilimwona.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemuuliza. Sitasahau.

Tulikuwa tumekaa nje, jua la asubuhi. Nilianza mbali, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Kogo akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu: "Hii karatasi inasema mimi ni mwongo?"

Nikasema karatasi imekosea, na tunaweza kuirekebisha. Nikamweleza kuhusu Ke. Nikamwambia ni alama tu.

"Mwalimu. Mimi nilitoa ng'ombe mbele ya wazee. Wewe ulikula nyama siku hiyo." Kweli, nilikula. "Kama mimi ni mama wa hii boma, Chebet ni nani? Hawa watoto ni wa nani?"

Kisha akanieleza lile ambalo mimi, na shahada yangu, sikuwa nimeliona. Marehemu mumewe alikuwa na ndugu, na ndugu huyo ana wana. Mkubwa wao ni Kipruto. Tangu kikohozi kianze Kipruto anapita kila wiki kusalimia. Anasimama kwenye ua akitazama shamba. Siku atakayopata karatasi yenye sahihi ya serikali au ya Wazungu inayosema hapa hakuna mwanamume, ataipeleka kwa chifu. Atasema: mzee mwenyewe amekubali, ile ndoa ilikuwa mchezo. Na Chebet na watoto watafunga mizigo.

Alama yangu tu.

Chebet alikuwa anapepeta maharagwe pale karibu. Hakuinua macho, lakini mikono ilisimama.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri.

Ukweli ni huu: niliikosea nyumba hii mara mbili. Mara ya pili niliandika Me kwa heshima, bila kufikiri karatasi itasomwa na nani. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka jana, nilipoipigania safu ya nne. Nilidhani ukishagawa maboma mafungu mawili, ya wanaume na ya wanawake, umemaliza kazi. Sikuuliza kuhusu wanawake walio ndani ya maboma ya wanaume. Ndio wengi. Niliwaacha nje ya mlango niliokuwa naufungua.

Naona aibu. Niliandike tu hivyo na niendelee.

Jumatano, 11 Juni

Siku tatu nimezunguka kwa miguu na gari la mradi, maboma kumi na moja, nikiuliza maswali manne tu. Nani anakamua? Nani anakata nyasi? Nani anapeleka maziwa? Ng'ombe akiugua, nani anajua kwanza?

Boma moja mwanamume alijibu yote manne "mimi", mkewe amesimama nyuma yake akitazama angani. Nikamwomba anionyeshe kamba ya kufungia ng'ombe iko wapi. Akamuuliza mkewe. Hata yeye alicheka.

Katika maboma kumi mikono ni ya mwanamke, na katika fomu zetu zote kumi jina la mwanamke huyo halipo popote. Mtamba akifika, kadi ya kituo itakuwa ya mume. Akitaka kuuza ng'ombe, anauza. Na sera yetu itaandika kwamba familia imesaidiwa.

Nimechora karatasi mpya. Haina mkuu wa boma. Haina Me na Ke pembeni ya mkuu. Inaandika kila mtu mzima wa boma kwa jina lake, na kazi anayoifanya kwa ng'ombe. Mtamba anaandikwa jina la anayemtunza. Ni rahisi mno hata naogopa nimesahau kitu.

Nimemwandikia Bi Margit, mwakilishi wa wafadhili anayeandika sera yenyewe. Atakuwa Nakuru tarehe 24 kwa mkutano wa mwisho kabla rasimu haijapelekwa Ulaya. Baada ya hapo haitaguswa kwa miaka mitano. Nimeomba nusu saa.

Jumamosi, 14 Juni

Nilienda kwa Kogo nikijiona nimebeba zawadi. Mtamba ataandikwa jina la Chebet, hakuna anayeitwa mwanamke wala mwanamume, hakuna mwongo. Nilidhani atafurahi.

Alikasirika kuliko siku ile ya Ke.

"Umewahi kuona wapi ng'ombe ya boma ikiandikwa jina ya bibi? Nikiwa hapa? Nikiwa hai?" Akapiga fimbo chini. "Kesho atauza. Keshokutwa ataniuza mimi."

Miaka arobaini nimeisikia sentensi hiyo, neno kwa neno, kutoka kwa wanaume wa kila kabila la nchi hii. Sikuwahi kufikiri nitaisikia kutoka kwa bibi kizee mwenye kitambulisho cha Ke. Nilitaka kucheka na kulia. Nikanywa chai ya rangi.

Huko ndiko kujifunza nikiwa na miaka sitini na saba. Nilikuwa nimedhani shida ni wanaume. Shida ni kile kiti cha mkuu wa boma. Anayekikalia, awe nani, anaanza kusema maneno yale yale.

Chebet ndiye aliyesema. Kwa sauti ya chini, amesimama, mikono nyuma kama darasani.

"Baba wa watoto, mimi siwezi kuuza. Lakini nikienda kwa daktari wa ng'ombe ananiuliza mwenyewe yuko wapi. Nikienda kwa mkutano wa maziwa naambiwa niite mwenyewe. Wewe kifua inakuuma, huwezi kushuka mpaka barabarani. Sasa mwenyewe ni nani?"

Kogo akachukua fimbo yake. Akaingia ndani.

Nilipokuwa naondoka nilimwomba Chebet aje mkutanoni tarehe 24 awaeleze wale watu kwa mdomo wake. Akatazama mlango. "Lazima nipewe ruhusa," akasema. Hakuwa anatania.

Ijumaa, 20 Juni

Bi Margit amejibu. Si nusu saa. Dakika kumi, baada ya chakula cha mchana, wakati watu wanasinzia.

Kutoka Sachangwan kimya.

Jumatatu, 23 Juni

Chebet amenipigia kwa simu ya jirani. Anakuja. Kogo anakuja pia. Amesema hakuna mwanamume mwenye akili anayeacha mke wake aende hoteli ya mjini peke yake na watu asiowajua.

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumanne, 24 Juni

Niandike kabla haijapoa.

Hoteli ile ya karibu na mzunguko wa barabara. Maua mezani, maji ya chupa. Kogo aliingia na koti lake na kofia, akaangalia chumba, akapita viti vya akina mama vilivyokuwa pembeni, akaenda kukaa kati ya bwana wa wizarani na mhasibu. Chebet akakaa nyuma yake. Odhiambo alimletea Kogo soda. Akaomba maziwa.

Nilizungumza dakika zangu. Nilionyesha orodha yenye wino mwekundu. Nilisema safu ya nne ni kazi yangu na kwamba nilikosea. Watu wakainua vichwa hapo. Nadhani hawakuzoea mtu kusema hivyo hotelini.

Bwana mmoja kutoka ofisi ya Nairobi akainua mkono. "Mwalimu, kwa heshima. Tukiandika kila mtu, fomu itakuwa gazeti. Na huyu mama ni mmoja. Hatuwezi kubadilisha sera ya nchi kadhaa kwa sababu ya boma moja."

Nikamwambia maboma kumi kati ya kumi na moja. Akasema hiyo si takwimu. Ni kweli, si takwimu. Nilikuwa najibu vibaya, nahisi uso unawaka.

Ndipo Bi Margit akauliza, kwa Kiingereza, kama angeweza kuwauliza wageni wenyewe. Nikatafsiri.

Ng'ombe ni wa nani? Kogo: "Wa boma."

Nani anaamua? "Mimi."

Nani anafanya kazi? Akaelekeza kidole gumba nyuma bila kugeuka. "Huyu."

Bi Margit akamwuliza Chebet kama ana neno. Chebet akasimama. Akasema ameamka saa kumi na moja kila siku kwa miaka kumi na minne, na kwamba mradi wa kwanza ulimwandika mume, wa pili ukamwandika mume, na huu wa tatu, uliosema umekuja kwa ajili ya wanawake, umemwandika mume na halafu umemfuta mume. "Mimi hakuna mtu amenifuta," akasema, "kwa sababu hakuna mtu alikuwa ameniandika."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

Yule bwana wa Nairobi akamgeukia Kogo. Nadhani alitafuta mtu wa kumuunga mkono. "Na wewe mzee," akasema. Nitamshukuru daima kwa neno hilo, mzee. "Wewe unakubali ng'ombe wa boma lako aandikwe jina la mke wako?"

Nilifumba macho.

Kogo alikohoa kwanza. Kikohozi kirefu, tukangoja wote. Kisha akasema, polepole, na mimi nikitafsiri kila sentensi:

"Nilikataa. Siku kumi nimekataa. Usiku silali, nafikiria. Kuna kijana anakuja kwangu kila wiki kuangalia kama nimekufa. Nikifa, kila kitu yenye jina yangu atasema ni ya ukoo. Atakuja na kamba siku ya tatu. Lakini kitu yenye jina ya Chebet atasema nini?" Akageuka kwa mara ya kwanza akamtazama. "Mimi nilimwoa ili nyumba isimame. Sasa nikimkataza jina, mimi ndiye naiangusha. Aandikwe."

Akanyoosha kidole. "Lakini jina ya ng'ombe yenyewe, nitatoa mimi."

Bi Margit aliandika hilo pia. Nilimwona.

Jumatano, 25 Juni

Mkutano wa jana uliisha bila uamuzi. Bi Margit anasema amesadiki lakini si yeye peke yake. Lazima makao makuu yakubali. Yule bwana wa Nairobi bado anasema gazeti. Odhiambo, ambaye sikumtegemea, alisimama akasema karatasi mpya anaweza kuifanyia kazi kwa siku mbili na kwamba ile ya zamani ilimchukua wiki tatu kwa sababu ya kufuta watu.

Niliona jinsi nilivyokuwa nikimdharau kijana huyo kwa sababu ya simu zake mbili. Nimeacha.

Jumapili, 6 Julai

Hakuna habari. Nimepalilia sukuma wiki.

Jumamosi, 12 Julai

Hakuna habari. Kipruto amepita kwa Kogo tena, Chebet ananiambia. Safari hii alipima ua kwa hatua, toka mlangoni hadi kwenye ule mti wa mwisho. Mitamba wanakuja mwisho wa mwezi, kwa karatasi yoyote itakayokuwapo. Jibu likichelewa, boma lile halitapata kitu, na Kipruto atasema hata Wazungu wamekataa kuwatambua.

Sikulala vizuri. Nina hasira na Ulaya nzima, jambo ambalo si haki.

Ijumaa, 18 Julai

Limefika.

Odhiambo aliendesha mpaka kwangu kunionyesha, hakutaka kunisomea kwa simu. Karatasi mpya itatumika hapa, Molo na Rongai, kwa mitamba wote wa mwaka huu. Neno "mkuu wa boma" limeondolewa katika rasimu ya sera. Mahali pake wameandika kwamba kila mtu mzima ataandikwa kwa jina lake na kazi yake, na kwamba mali ya mradi itaandikwa kwa anayeitunza. Nchi nyingine wataangalia matokeo yetu mwakani kabla ya kuamua.

Si kila kitu. Mwakani ni mwakani, na sera nimeziona zikilala kabatini. Lakini ni sentensi mbili, na najua zilitoka ua gani.

Ile orodha ya wino mwekundu nayo imerudi. Pale palipoandikwa "taarifa za uongo" mtu amepiga mstari na kuandika: kosa ni letu. Nimeomba nakala mbili. Moja ni ya Kogo.

Nilimpikia Odhiambo chapati. Alikula tano.

Jumanne, 29 Julai

Lori liliwasili Sachangwan saa nne, ukungu haujaondoka. Mitamba kumi na wanne, kila mmoja na nambari sikioni. Watu uwanjani pa shule yangu ya zamani. Wanawake wamevaa kama Krismasi.

Kipruto alikuwepo. Kijana mrefu, suti ya kijivu, anasalimia kila mtu. Jina la boma la Tapnyolei lilipoitwa akasogea mbele.

"Ni jina la nani?" akamuuliza Odhiambo, kwa upole kabisa. "Ili tujue ni nani wa ukoo atasaidia."

Odhiambo akasoma kwa sauti, kana kwamba anasoma habari redioni: Chebet, mtunzaji na mwanachama wa kituo. Tapnyolei, mzee wa boma, mshauri. Sahihi mbili. Chifu naye alikuwa amesimama pale akisikia.

"Mshauri," akasema Kogo, akilionja neno kama mkate mpya. Safu hiyo ya mshauri niliiongeza mimi. Mtu hawezi kunyang'anywa kiti na asipewe hata kigoda.

Kipruto akatabasamu, akatazama saa yake, akasema ana shughuli Molo.

Walimkabidhi Kogo kamba. Kwa mazoea tu, kwa sababu ya kofia. Akaishika. Nikaona vidole vyake vikikaza. Nikajiuliza kama ataiachia. Akatembea na mtamba mpaka alipokuwa Chebet, hatua kama ishirini, akikohoa, hataki kushikwa mkono, na akamtia kamba mkononi mbele ya wote. Wazee wawili wakanong'ona. Wanawake hawakupiga vigelegele mara moja. Nadhani walitaka kwanza kuhakikisha wameona vizuri. Kisha wakapiga.

"Jina," akasema Kogo. "Huyu anaitwa Mwalimu."

Nikauliza kwa nini, ningali mjinga.

"Kwa sababu tangu ashuke kwa lori hajanyamaza. Analia mpaka mtu amsikilize."

Uwanja mzima ukacheka. Hata chifu. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye jiwe.

Jumatatu, 17 Novemba

Ujumbe wa simu kutoka kwa Chebet saa moja asubuhi. Simu ni yake mwenyewe sasa. "Mwalimu amezaa salama. Ni jike. Mzee anakunywa maziwa na kifua ni nafuu. Kibuyu chako cha maziwa kinakuja Alhamisi."

Nimeusoma mara mbili nikiwa nimesimama jikoni.

Baadaye nikatembea mpaka Posta. Barua mbili za Josphat. Nikazichukua, lakini sikuondoka. Nilimwambia karani nataka kubadilisha jina la sanduku. Akanitazama kama aliyekuwa akingoja miaka yote hii, akafungua droo, akanipa fomu. Ukurasa mmoja. Mstari wa kwanza unauliza jina la mwenye sanduku.

Kalamu yake ilikuwa imefungwa kwa uzi. Nikaandika taratibu, kwa mwandiko wa ubaoni.

Kazi ya dakika tatu. Akapiga muhuri, akaniambia iko tayari.

Nje kulikuwa na jua, na jakaranda za barabara ile zimeanza kumwaga maua. Sijui barua ya kwanza ya jina langu itatoka kwa nani. Ijumaa nitapita niangalie.